UZI: Karatasi ya frigo inasema 4, lakini umeme haukuwako. Wakaguzi wa santre zetu za afya wanaangaliaka nini?

Reko wa Goma aliandika:

Jambo wandugu wote. Hii uzi itakuwa murefu, muniwie.

Mimi niko reko, mujitoleaji wa afya, mu kartie moja ya hapa Goma, zoni ya afya ya Karisimbi, tena niko mu Kodesa, ile kamati ya wakaaji yenye inakaaka pamoja na titileri, muganga mukubwa wa santre, kuongelea mambo ya kituo. Sitataja santre, sitataja muntu, ju sikuandika hii kwa kuharibia mutu kazi. Mule santre kuko watu wanajitolea sana na mishahara yao wote tunaijua.

Mwanzo wa huu mwezi wakaguzi walikuya. Tulijua siku tatu mbele. Hizo siku tatu zote ni kufagia, kupaka chokaa, bidoni ya kunawia mikono ikatoka mu biro ya titileri ikawekwa ku mulango na sabuni mupya. Tusimuhukumu haraka, anaifichaka ju waliisha kumwibia robine mara mbili. Siku yenyewe waganga wote walikuwa na bluzi nyeupe, hata wale tunaonaka mara moja kwa juma. Wakaguzi wawili, walikaa kama saa mbili na karibu zote ilikuwa mu biro, wanaitisha makaye: kaye ya wagonjwa, kaye ya wazazi, fishi za dawa, karatasi ya frigo. Wakajaza fomu, wakapiga tampo.

Ku mwisho wakaniita nisaini kwa jina ya Kodesa. Wakati nangojea kalamu nikaangalia ile karatasi ya frigo. Kwa wenye hawajaiona, ni karatasi ya mwezi muzima, kila siku iko na vijumba viwili, asubuhi na jioni, muganga anasoma kipima joto anaandika namba, na inatakiwa ikuwe kati ya 2 na 8. Ile ilikuwa 4, 4, 4, 4, toka tarehe 1 mpaka 30, kalamu moja, muandiko moja. Na mimi najua toka tarehe 11 mpaka 14 kartie yetu yote ilikuwa giza, kabine ya umeme iliungua, telefone nilikuwa napeleka kucharji Birere. Jenereta ya santre haikuwa na mafuta, hiyo pia najua ju njo sisi Kodesa tulichanga pesa ya mafuta tarehe 15.

Mukaguzi akageuza ile karatasi, akapiga tampo. Mimi nikasaini. Nilisaini wandugu, na njo maana silali vizuri.

Ju mudogo wangu alizalia pale usiku wa tarehe 13. Mutoto alitoka muzima, kisha damu ikaanza kutoka na haikatiki. Walimupiga sindano ya oksitosini, dawa ya kukatisha damu kisha kuzaa, wakapiga ingine, damu inaendelea, muzalishaji anamukanda tumbo kwa nguvu yake yote na tochi ya telefone iko mu kinywa yake. Gari hakuna. Tulimupakia ku pikipiki, motari mbele, yeye katikati, mama yetu nyuma anamushika, mawe ya volkano munaijua ile barabara yetu. Hospitali kubwa walimuongezea damu na akapona, Mungu asifiwe. Muzalishaji mumoja wa kule aliniuliza: ile dawa walimupiga ilikuwa imekaa mu baridi? Sikuwa na jibu.

Sisemi njo sababu. Mama anaweza kutoka damu kwa mambo mingi. Lakini nataka nijue mukaguzi anakuyaka kukagua nini kama karatasi inatosha, na kwa nini sisi wenye tunalala juu ya vile vitanda hatuambiwaka ile fomu ilisema nini.

Mama wa Birere aliandika:

Pole sana kaka, na umupe mudogo wetu pole, ale sombe na nyama damu irudie. Mimi mutoto wangu alipigwa sindano ku tako, kisha ikavimba ikatoa usaha mwezi muzima, walimupasua. Nilipoenda kuuliza wakanionyesha kaye, imeandikwa vizuri dawa na saa. Kaye haina kosa. Nani alinawa mikono ile haikuandikwa mule.

Muganga wa miaka 19 aliandika:

Ndugu reko, mimi ni enfirmye, 19 ans niko mu hii kazi, vijijini na hapa mujini, na nitasema kweli yote ju umeongea kwa heshima.

Kwanza tusichanganye. Kuko supervizio na kuko ukaguzi. Supervizio inatoka ku biro ya zoni, wale wanapashwa kuya kila mara kutuonyesha kazi, kukaa pembeni yako unapima mama mimba na kukurekebisha. Ukaguzi ni wa serikali, wa inspeksio ya jimbo, wao wanaangalia sheria: karatasi za kufungua kituo, diplome za watu, dawa zenye zilipita tarehe, na wako na nguvu ya kuazibu. Wewe ulichoona sijui ni gani kati ya hizo mbili, na hiyo yenyewe ni tatizo, mwanakamati anasaini pasipo kujua wenye wamekuya ni akina nani.

Pili, ile 4. Nimeisha kuiandika mimi mwenyewe. Nilikuwa kijana, nilikuwa peke yangu na wagonjwa 30 ku lango, jioni nikasahau, kesho nikajaza. Kijumba kikibaki wazi unagombezwa mbele ya watu. Ukiandika 17 ju umeme umekatika hakuna anayekuletea mafuta, unaulizwa tu kwa nini umeharibisha chanjo za serikali. Basi mutu anajifunza kuandika 4. Sikuandika hii kwa kujitetea, nilikosa na najua nilikosa, lakini ukitaka ile namba ikuwe kweli lazima kwanza mwenye anaandika kweli asiazibiwe.

Tatu, na hii usome vizuri. Mu frigo ya chanjo mara nyingi kuko kifaa kidogo kama telefone ya zamani, kinaandika joto chenyewe mchana na usiku. Ikipita 8 kwa masaa 10 kinatoa alama ya hatari, na ikishuka chini ya sifuri kwa nusu digri (-0,5) kwa saa moja pia. Hakuna kalamu mule. Lakini ku ekra yake unaona siku 30 tu. Hesabu mwenyewe: kama giza ilianza tarehe 11 ya mwezi uliopita, uko na siku kama nne, kisha inaanza kufutika moja moja. Usingojee mukutano wa Kodesa.

Na chupa za chanjo ziko na alama yao, duara na kamraba kadogo ndani. Kamraba kakiwa bado keupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Kakifanana na duara ao kakiwa keusi zaidi, tupa. Hata wewe pasipo diplome unaweza kuangalia.

Oksitosini haina ile alama. Ukiiangalia ni maji tu, nzima na yenye iliharibika zinafanana. Inakosa nguvu mu joto polepole na huwezi kuona. Njo maana 2019 mashirika ya Umoja wa Mataifa, OMS (ya afya), UNICEF na UNFPA, walitoa tamko pamoja kwamba ikae mu baridi ya 2 mpaka 8, na kama hakuna frigo yake basi ikae mu ile ya chanjo, imetengwa na imeandikwa. Uliza yao inakalaka wapi.

Reko wa Goma:

Muganga, asante. Nilikuwa sijui hicho kifaa. Nimetuma mesaje kwa titileri, anasema nikuye kesho kutwa. Nitarudisha habari.

Mama wa usafi aliandika:

Mimi sikusoma sana, mutoto wangu njo ananiandikia. Nilikuwa mama wa usafi mu santre wakati wa Ebola. Ile 2019 mwezi wa 7 tarehe 14 mugonjwa wa kwanza alifika hapa Goma na basi toka Butembo, mji wote uliogopa. Toka pale wale wa kukagua usafi walikuwa wanakuya kila mara, na hawakuwa wanaanzia mu biro. Walikuwa wananitafuta mimi.

Nionyeshe unachanganya kloro namna gani. Ya mikono ni 0,05 kwa mia, ya chini na ya vitanda ni 0,5 kwa mia, mpaka leo najua. Nikikosea wananionyesha tena. Wanaangalia karton ya kutupia sindano kama imejaa kupita robo tatu, wanaangalia kama kuko mutu anarudishia sindano kifuniko, wanaangalia takataka inaenda wapi. Kisha wanatoa alama kwa mia na wanasema mbele ya wote: hapa mumepata hivi, sababu ni hii. Tulikuwa chini sana mara ya kwanza. Wakaleta bidoni, buti na gan za mikono. Juma ingine wakarudi kuangalia kama tunatumia.

Ule ugonjwa ulitangazwa umekwisha 2020 mwezi wa 6, watu zaidi ya 2200 wamekufa, wengine waliambukizwa mule mule mu mavituo kwa kukosa kunawa. Ulivyokwisha, kloro ikakwisha, wenye kukagua pia wakakwisha. Bidoni ziko stoku, zinawekwa maharagi.

Kijana wa Kadutu aliandika:

Bukavu hapa. Mama, umeniliza.

Kwetu kulikuwa ule mupango wa kulipa santre kufuatana na kazi na ubora, PBF, Kivu ya kusini iliuanza mapema kuliko majimbo mengi. Kila miezi mitatu wanakuya na grille, ile karatasi ya vitu vya kuangalia, wanahesabu mapointi, na mapointi inakuwa pesa. Pia walitumia sisi vijana wa mashirika ya kartie. Unapewa majina yenye imetoka mu kaye, unapanda kilima, munaijua Kadutu nyumba juu ya nyumba, unamutafuta yule mama: kweli ulizalia pale? ulilipa ngapi? walikupokea vizuri? Siku moja nilitafuta majina sita, wawili hawajulikani na mutu yeyote wa ile avenue. Ule mwezi santre ilikuwa na wagonjwa wengi sana mu raporo.

Lakini nitasema na upande wa mubaya. Nilibisha ku nyumba ingine, nikauliza mama mbele ya bwana yake kama alienda santre ile tarehe, kumbe alienda kutafuta uzazi wa mpango kwa siri. Macho yake siwezi kusahau. Toka pale nilikuwa nauliza kwanza: uko peke yako? Wenye wanatuma watu kukagua wawafundishe hiyo mbele ya yote.

Mwana wa Katuba aliandika:

Mi niko Lubumbashi. Ba ndugu ba Goma, kwetu shida iko ingine. Mu avenue moja unahesabu bi kliniki bitatu, croix rouge bamepaka ku ukuta na mukono, ndani muko kitanda mbili na muntu moya mwenye hatujue kama alisoma wapi. Batu ba inspection banakuya, banafunga mulango na karatasi, nyuma ya siku kidogo mulango inafunguka. Ao inahama avenue mbili, inabadilisha rangi na jina, muganga ni ule ule.

Minaona ni ju ya makuta. Kama karatasi yako ya kufungua haiko, unalipa. Kama sindano unachemsha mu sufuria, hakuna mwenye anauliza. Basi kosa yenye inaletaka franga njo inakaguliwa. Mi singependa hata kidogo mukaguzi mwenye anakagua akuwe pia mwenye anapokea ile pesa mu mukono. Alipe ku banki, reçu ibakie.

Dada wa Manchester aliandika:

Shikamooni wakubwa, mimi ni mtoto wa Himbi, sasa niko Uingereza, kazi yangu ni mapokezi mu kituo cha madaktari wa familia. Niwaambie kwa huku inavyokuwaka, si kwa kujivuna.

Hapa England kuko tume inaitwa Care Quality Commission, CQC, ilianza 2009. Wakikuja wanauliza mambo matano: kituo ni salama? matibabu yanasaidia? watu wanapokelewa kwa upole? mgonjwa anapata huduma wakati anaihitaji? uongozi uko sawa? Kisha wanatoa alama moja kati ya nne: bora sana, nzuri, irekebishwe, ama haifai. Na tangu mwezi wa 4 2015 ni sheria ile alama ibandikwe mahali kila mgonjwa anaiona. Kwetu iko pembeni ya meza yangu, mama akiingia anaisoma mbele ya kunisalimia.

Siku wanakuja huwa na daktari kati yao. Yeye anafungua mafaili: huyu anakunywa methotrexate, damu yake mulipima lini mara ya mwisho? Huyu lithium, iko wapi matokeo? Frigo ya chanjo wanafungua, wanalinganisha karatasi na kifaa. Kaka reko, nilivyosoma ile 4 4 4 nilishtuka, ju hata huku hiyo inakamatwaka.

Lakini musifikiri ni mbinguni. Mara nyingi wanajulisha mbele, isipokuwa kuko malalamiko makubwa. Na 2024 serikali iliomba Dr Penny Dash achunguze hiyo CQC yenyewe, akakuta kuko vituo vilikaa miaka na miaka pasipo kurudiliwa, alama ku mlango ni ya zamani kabisa. Karatasi ku mlango inasaidia kama mtu anarudi kuangalia.

Muganga wa miaka 19:

Dada, ya kubandika alama naogopa. Nisikilizeni. Huko dokta analipwa na serikali. Hapa santre inaishi na pesa ya mugonjwa, hata sabuni inatoka mule. Ukibandika ku mulango “haifai”, kesho wagonjwa wanaenda farmasia ya pembeni kupigwa sindano nyuma ya pazia, ao chumba cha maombi. Santre inakufa na hakuna kitu kimerekebishwa. Wenye wataumia ni wale maskini wenye hawana pikipiki ya kwenda mbali.

Reko wa Goma:

Muganga nakuheshimu sana lakini hapo sitakubali. Mudogo wangu hakuchagua kwenda pale akijua, alienda akiwa hajui kitu. Wewe unaogopa watu wakimbie, mimi naogopa wabaki pasipo kujua. Na mama wa usafi amesema: walikuwa chini sana, wakaambiwa mbele ya wote, wakapewa bidoni, wakapanda. Hakuna mutu alikimbia. Tusibandike neno moja la aibu. Tubandike vitu vyenyewe: maji iko ao haiko, frigo ilizimika siku ngapi, kinachorekebishwa ni nini na lini. Kwa Kiswahili. Raporo ya Kifaransa yenye kurasa tisa mama yangu atafanya nayo nini?

Muganga wa miaka 19:

Hiyo ya vitu vyenyewe, na tarehe ya kurekebisha, nakubali. Na muandike pia kile zoni ilipashwa kuleta na haikuleta, isikuwe muganga peke yake ku ukuta.

Reko wa Goma (habari mupya):

Wandugu nimetoka santre. Titileri alinipokea vizuri kuliko nilivyofikiri. Alisema yeye mwenyewe anaona aibu ya ile karatasi. Tulifungua frigo pamoja. Kifaa kiko, kilikuwa nyuma ya masanduku, hata muganga wa chanjo alisema hajakisoma tangu kililetwa. Tuliangalia: tarehe 11 sawa, tarehe 12 alama ya hatari, 13 alama, 14 alama. Wakaguzi walikaa mita tano na hicho kifaa.

Tulitoa chanjo zote tukaangalia kamraba moja moja. Nyingi ni nzima, zenye zilibadilika wamezitenga na wameita zoni.

Kisha nikauliza oksitosini iko wapi. Akanyamaza. Akaita muzalishaji wa usiku, mama mumoja mwenye alizalisha nusu ya kartie yetu. Mama akasema wazi: haikuwa inakaa mu frigo. Chumba cha frigo kinafungwa saa kumi na moja na ufunguo anaenda nao mutu wa chanjo kwake. Wamama wanazaa usiku. Basi yeye anawekaka ampule kumi mu kabati ya materinite, pembeni ya dirisha, ju akiingojea ile ufunguo mama atakufa mikononi yake. Alilia. Miaka yote hiyo hakuna mukaguzi hata mumoja alimuuliza, ju fomu inauliza frigo ya chanjo na yeye si mutu wa chanjo.

Kwa hiyo hata kama ile 4 ingekuwa kweli siku zote 30, dawa ya mudogo wangu ingekaa ku dirisha vilevile. Nilikaa pale sina neno.

Ufunguo wa pili umetengenezwa leo ku Majengo kwa seruruye, Kodesa tumelipa. Na kila jioni ampule tano zitawekwa mu kisanduku cha barafu cha chanjo, asubuhi zinarudi. Muganga, niambie kama kuko kosa mule.

Muganga wa miaka 19:

Ni sawa, ila barafu isigusane na ampule, isigande. Muweke kipima joto mule. Na huyo mama muzalishaji mumushukuru, musimugombeze.

Reko wa Goma:

Tumemushukuru. Ju ya karatasi: titileri alikamata kipande cha manila akaandika na mukono yake. Maji: iko, inanunuliwa bidoni. Frigo: ilizimika siku 4, mafuta hakuna. Dawa ya damu: ilikuwa inawekwa pabaya, tumerekebisha, tarehe ya leo. Zoni: tunangojea mafuta na karton za sindano tangu miezi miwili. Akabandika ku mulango wa kuingilia, chini ya picha ya chanjo.

Nimepita sasa hivi nikienda nyumbani. Kulikuwa wamama wawili na mimba, mumoja anasomea mwenzake kwa sauti, na walifika ku ile ya dawa ya damu wakarudilia kusoma.